Slabu ya Tano

"Toa hata hilo la bafuni, Mama Maji," Makokha alisema akiwa mlangoni. "Inspekta akiona pazia, atauliza ni nani anaoga hapa."

Cheruto alipanda juu ya kiti cha plastiki akalichomoa. Lilikuwa pazia la nailoni lenye samaki wa manjano, bado lina matone ya mtu aliyeoga asubuhi. Alilikunja, akalisukuma ndani ya gunia pamoja na mengine. Nyumba ikabaki uchi, imejaa ule mwanga mweupe wa asubuhi ya Nakuru usiomfichia mtu kitu.

Jengo lilikuwa la ghorofa saba, upande wa Kiamunyi, na lilikuwa bado halijapata cheti cha kuruhusu watu kuhamia. Lakini watu walikuwa wamehamia. Mwenye jengo, mzee Kipkemoi, alikuwa amechoka kungoja, akaanza kuwaingiza wapangaji mmoja mmoja, kama mtu anayeonja mchuzi kabla haujaiva. Sasa siku ya ukaguzi wa mwisho ilikuwa imefika. Wapangaji wote waliambiwa waamke mapema, wafungie vyombo vyao kwenye stoo ya chini, watoke, kisha warudi jioni. Walitii bila maneno mengi. Mama mmoja wa ghorofa ya pili aliondoka amekumbatia mtungi wa gesi kama mtoto mchanga, akicheka, akisema hajawahi kufukuzwa kwenye nyumba na kuambiwa karibu tena saa kumi na mbili.

Cheruto hakucheka. Si kwamba alikasirika. Tangu Januari, kicheko kilikuwa kitu alichokisikia kwa wengine, kama redio ya jirani.

"Umebakisha wapi?" Makokha aliuliza.

"Ya nne. Ile ya kona."

"Kwa Mitchelle. Harakisha. Na ukiulizwa, kumbuka: slabu zote zilimwagiwa maji asubuhi na jioni."

"Nimesikia."

"Si uongo mkubwa, Mama Chepkurui. Ulimwagilia zote." Alivua kofia yake ya kazi akaichungulia ndani kana kwamba kuna kitu amekipoteza humo. "Karibu zote."

Makokha ndiye aliyekuwa msimamizi wa mjengo, mtu wa Bungoma mwenye sauti ya kuita watu kutoka ghorofa ya saba bila simu. Siku za kawaida alimwita Cheruto Mama Maji kama walivyomwita wote pale. Jina la binti yake alilitumia tu jambo lilipokuwa zito.

Maji ndiyo ilikuwa kazi yake. Watu hudhani zege hushika kwa kukauka. Yeye pia alidhani hivyo, hadi siku yake ya kwanza kazini, Makokha alipompa mpira wa maji na kumwambia, "Zege ni kama mtoto mchanga. Ukilinyima maji siku za kwanza litakua, lakini litakua gonjwa." Basi kila slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ilipomwagwa, Cheruto aliilisha. Alitandaza magunia juu yake, akayalowesha asubuhi, akayalowesha tena jua lilipoanza kuegemea upande wa Mau. Mifereji ilipokauka, jambo ambalo Nakuru si habari, alipandisha maji kwa mitungi ya plastiki, ngazi baada ya ngazi. Chini, karibu na geti, kulikuwa na tangi dogo alilolitunza pia. Humo mlilazwa kyubu, vile vibonge vya zege vinavyochotwa siku ya kumwaga slabu na kutiwa kwenye visanduku vya chuma, ili baadaye vipelekwe maabara vipondwe na mashine ionekane vina nguvu kiasi gani. Kyubu zikipita, slabu imepita. Ndivyo kazi ilivyokwenda.

Alibeba gunia begani akapanda ghorofa ya nne.

Alibisha mlango wa kona. Hakuna aliyejibu. Alibisha tena, na mlango ukafunguka kidogo. Mitchelle alisimama pale amejifunga leso, jicho moja limefumba.

"Mathe, tafadhali."

"Wewe si uliambiwa utoke?"

"Nimetoka kazi sai. Usiku kucha nimepakia mikate. Nikitoka nitalala wapi, kwa stage?" Mitchelle alikuwa kijana wa bekari ya mjini, na yeye na mume wake Travis walikuwa na mwezi mmoja tu pale. "Travis ameenda na kila kitu. Mimi nimebaki na matress tu. Nitajifungia. Sitakohoa hata."

Cheruto aliingia kutoa pazia. Godoro lilikuwa sakafuni katikati ya chumba, na mto ulikuwa upande wa miguu.

"Mbona umegeuza kichwa?"

"Hiyo dari hunitemea unga." Mitchelle alipiga mwayo, akanyoosha kidole juu bila kuangalia. "Kila nikiamka niko na vumbi kwa nywele. Travis anasema ni rangi. Nikamwambia rangi gani hii inamaliza watu."

Cheruto aliinua macho. Katikati ya dari palikuwa na mstari mwembamba, umenyooka kiasi, umepinda kiasi. Ulianzia karibu na taa ukaelekea dirishani. Mwezi uliopita haukuwa umefika dirishani.

Aliutazama kwa muda. Alingoja kitu kimshtue ndani, lakini hakikuja. Alilitoa pazia, akalikunja.

"Ni kweli wewe ndio utakuwa keateka wetu?" Mitchelle aliuliza akiwa ameshajilaza. "Foreman amesema watakupa ile room ya chini."

"Wamesema nitunze jengo, nikae humo na Chepkurui."

"Hiyo ni poa sana, mathe. Angalau tutakuwa na mtu."

Cheruto alivuta mlango polepole hadi akasikia kitasa kikishika. Chini alimkuta Makokha akifagia kokoto mbele ya geti kwa kiatu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza," alisema.

*

Mume wa Cheruto, Kiprugut, alikuwa fundi wa chuma palepale mjengoni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nondo za slabu ya tano, yaani ile iliyokuwa dari la ghorofa ya nne na sakafu ya ghorofa ya tano, alizifunga yeye na kijana mmoja wa kumsaidia, akichuchumaa kutwa nzima na koleo mkononi, akikaza waya kwenye kila makutano. Asubuhi iliyofuata aliinama kufunga viatu vyake nyumbani, na hakuinuka.

Mikisa ya kuchanganya zege ilikuwa imeshakodishwa, kokoto zimeshamwagwa. Slabu ikamwagwa siku moja kabla ya mazishi. Makokha alikwenda kwa Cheruto kumwomba msamaha kwa hilo, na Cheruto alijibu kwamba hata Kiprugut angetaka imwagwe. Kesho yake alfajiri, mjengo wote ukapanda lori kumpeleka mwenzao nyumbani kwao, upande wa Olenguruone. Hakuna aliyelazimishwa. Hata vibarua waliokuwa na wiki moja tu pale walipanda. Kwa mlinzi, mzee mwenye mguu mbovu asiyeweza ngazi, Makokha aliacha agizo moja: asiache tangi la kyubu likauke. Slabu yenyewe wangeimwagilia wakirudi jioni.

Hawakurudi jioni. Mvua ya Mau ilishuka mazishi yakimalizika, barabara ikawa uji, na lori likateleza mtaroni karibu na daraja. Walilisukuma hadi giza. Siku zilizofuata wakalisukuma tena. Walilala kwa ndugu za Kiprugut, wakala viazi na kunywa maziwa, na usiku wanaume wa mjengo waliimba nyimbo za kanisa katika nyumba ya mama mkwe wake, Wabukusu na Wajaluo na Wakikuyu na Wakalenjin, kila mmoja kwa lugha yake, wimbo mmoja. Cheruto alikuwa ameketi jikoni, amejifunika shuka. Katika yote ya wiki ile, hilo tu ndilo alilolikumbuka likiwa na sauti. Mengine aliyakumbuka kama picha za watu asiowajua.

Waliporudi Nakuru, wiki ilikuwa karibu imekwisha. Huku hakukuwa na mvua hata tone. Upepo wa Januari ulikuwa umepita juu ya slabu ile mchana na usiku, na jua halikuwa na huruma. Slabu ilikuwa imebadilika rangi, imekuwa nyeupe kama majivu, na nyufa zilikuwa zimeichora kama mistari ya kiganja. Makokha alichuchumaa, akaweka mkono wake juu yake. Kisha akaagiza waipige niru, ile saruji laini ya kulainishia sakafu. Mwenye jengo alikuwa akipiga simu kila saa kwa sababu kazi imechelewa, hivyo hata miti iliyoshikilia slabu kutoka chini ikatolewa mapema ikasaidie juu.

Kyubu, zilizokuwa zimelala majini wiki nzima, zilipita vizuri sana.

Kuanzia hapo hakuna aliyelizungumza. Hawakuwa watu wabaya. Kulizungumza kungekuwa ni kusema kwamba wasingekwenda kumzika Kiprugut.

*

Inspekta alifika kwa pikapu nyeupe. Alikuwa msichana. Wote walitarajia mwanaume wa makamo mwenye kitambi, na Sitati, fundi wa kupiga plasta, hakuweza kujizuia.

"Aisee, wametuletea mwanafunzi," alinong'ona. "Huyu tutamaliza naye kabla chai ipoe."

Aliitwa Injinia Jemutai. Alisalimia kila mtu kwa mkono, mlinzi pia, na aliposikia jina la Cheruto akatabasamu, akamsalimia kwa Kikalenjin.

"Chamgei, mama."

"Chamgei mising."

"Unatoka wapi?"

"Nimeolewa Olenguruone."

"Kwa baridi huko! Mimi wetu wako Molo. Basi tunajuana na baridi." Alicheka peke yake, kisha akaingia kazini, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtu anayesikiliza.

Alianza na karatasi, akazisoma amesimama. Matokeo ya kyubu aliyarudia mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu wakapanda. Jemutai mbele, Makokha nyuma yake, Sitati na ngazi begani, na Cheruto nyuma kabisa na ndoo ya maji na kitambaa, kwa sababu Makokha alitaka sakafu ipanguswe vumbi kabla ya inspekta kuikanyaga. Jemutai alipima upana wa ngazi za jengo. Alifungua milango na kuifunga. Aliuliza moto ukitokea watu watatokea wapi, na Makokha akamwonyesha. Hakutafuta makosa kwa pupa. Aliangalia jengo kama mtu anayelitakia mema, na kila alipokuta jambo limefanywa vizuri alilisema kwa sauti.

Ghorofa ya nne walikuta mlango wa kona umefungwa.

"Huu?"

Makokha aligeuka kumtazama Cheruto.

"Funguo imeachwa chini," Cheruto alisema.

"Tutaona tukishuka," Jemutai akasema, wakaendelea.

Nyumba za ghorofa ya tano zilikuwa bado hazijawekwa vigae, niru tupu. Ile ya kona ilikuwa na dirisha pana. Kutoka pale ungeona ziwa limelala mbali na ukingo wake mweupe, na upande wa pili mgongo wa Menengai. Jemutai alisimama dirishani kidogo.

"Mtu atakayeishi hapa ana bahati," alisema. "Mama, wewe ndio ulikuwa unamwagilia slabu?"

"Ndiyo."

"Zote?"

Makokha alikohoa. Sitati akabadilisha bega la ngazi.

"Ndiyo," Cheruto alisema.

"Watu wengi hawajui hiyo ndio kazi kubwa. Chuoni tulikuwa na mwalimu anasema, nyumba hujengwa na wengi lakini hulelewa na mmoja." Alichukua nyundo ndogo kutoka mfuko wa suruali, akapiga goti moja sakafuni, akaanza kugonga. Koh. Koh. Alisogea. Koh. Alisogea tena kuelekea katikati ya chumba, na mlio ukawa wa kitu kitupu. Kop.

Akasimamisha mkono. Akainamisha sikio, akagonga tena palepale. Kop.

"Hapa mliweka nini, Makokha?"

"Ni niru tu, injinia. Imeachana kidogo na sakafu. Mzee anangoja vigae, tutaitoa yote."

"Niru inaweza kulia hivyo," alikubali. "Na kyubu zenu ziko sawa kabisa." Lakini hakuinuka. Alishika nyundo vizuri zaidi, akaiinua juu kuliko mara zote.

"Usipige hapo," Cheruto alisema.

Wote walimgeukia. Yeye mwenyewe aliisikia sauti yake kana kwamba imetoka kwenye chumba cha pili.

"Kwa nini, mama?"

"Kuna mtu amelala chini."

Sitati alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekanyagwa. Jemutai aliishusha nyundo taratibu akailaza sakafuni.

"Chini wapi?"

"Kwa ile nyumba imefungwa. Ni msichana. Ametoka kazi ya usiku."

"Kuna watu wanaishi hapa?"

Nje, mahali fulani, mtu alikuwa akikata mabati kwa msumeno wa umeme, kelele zikija na kukatika. Jemutai aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamrudia Cheruto, na safari hii aliuliza polepole, kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza.

"Hii nyundo ni ndogo, mama. Haiwezi kuamsha hata mtoto. Uliogopa nini?"

Cheruto aliiweka ndoo chini. Aliona mkono wake umeacha alama ya maji kwenye sketi, na akaitazama ile alama.

"Dari lake linamwaga vumbi," alisema. "Slabu hii haikupata maji. Ile wiki ya kwanza yote. Kyubu zilikuwa kwa tangi, zilikunywa. Yenyewe haikunywa."

"Mama Chepkurui," Makokha alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwita mwenzake atoke barabarani.

"Wewe ulikuwa wapi?" Jemutai aliuliza.

"Nilikuwa nazika."

"Na hawa wengine?"

Cheruto aliwaangalia. Sitati alikuwa ameegemeza ngazi ukutani, anatazama viatu vyake. Siku ile lori lilipokwama mtaroni, ni Sitati aliyevua shati lake akalitandika chini ya gurudumu.

"Walikuwa wananisaidia kuzika," alisema.

Jemutai hakuandika kitu. Alikaa chini palepale sakafuni, akavua helmeti yake nyeupe akaipakata. Bila helmeti alionekana mdogo zaidi, kama binti wa mtu.

"Poleni," alisema hatimaye. Aliwaambia wote. Halafu akasimama, akajipangusa magoti. "Leo siwezi kupitisha. Nitaleta mashine tutoboe tutoe kipande cha slabu yenyewe, kipondwe. Ikiwa na nguvu, nitakuwa wa kwanza kufurahi, naapa. Ikikosa, tutajua cha kufanya. Lakini wale watu lazima watoke chini yake. Sasa hivi, Makokha. Si jioni."

*

Mitchelle alitolewa akiwa na leso na ndala, ameshika simu, haelewi. Jemutai mwenyewe alimpa kiti kwenye pikapu akamalizie usingizi kivulini. Geti likafungwa, na tangazo likabandikwa.

Cheruto alikuwa akirudisha ndoo stoo aliposikia hatua za Sitati nyuma yake.

"Tulikuzikia bwana, mathe," alisema. "Leo umetuzika sisi."

Lilikuwa neno la haki, na lilimfikia, lakini lilimfikia kama jiwe linavyofika mwisho wa kisima, mbali sana, baada ya muda.

"Mwache," Makokha alisema kutoka kwenye ngazi. Sitati akatema mate, akachukua mfuko wake wa vyombo, akaenda zake. Ilisikika baadaye kwamba amepata kazi huko Bahati, ya kupiga plasta banda la kuku.

Makokha alishuka akakaa kwenye ngazi ya mwisho. Alionekana amechoka.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ulikuwa unajua."

Alifikiri kidogo. "Ndiyo," alisema. "Nilikuwa najua." Akatoa simu iliyokuwa ikilia mfukoni, akaona ni mzee Kipkemoi, akairudisha ikilia hivyohivyo. "Hiyo room ya chini sasa, usiihesabu."

"Siihesabu."

"Si mimi nimesema."

"Najua, Makokha."

Jioni Cheruto alimweleza binti yake Chepkurui, aliyekuwa akiosha sare yake ya shule kwenye karai nje ya chumba chao cha kupanga. Chepkurui alikuwa ameshachagua upande wa kitanda katika ile room ya chini, na hata ukuta wa kuweka kioo. Alisikiliza huku akiendelea kusugua pindo la sketi.

"Kwa hivyo tunabaki hapa?"

"Tunabaki."

"Na baba angesema nini?"

"Baba yako hakuwa anasema," Cheruto alijibu, na binti yake akacheka ghafla, machozi yakimtoka papo hapo. Cheruto alisimama kando yake akashika upande wa pili wa sketi, wakaikamua pamoja.

*

Mashine ya kutoboa ililetwa wiki iliyofuata. Jemutai alipiga simu mwenyewe kumwomba Cheruto aje. Alisema anahitaji mtu anayejua maji ya pale.

Fundi wa mashine aliitwa Khisa. Kabla ya kutoboa, alisukuma kifaa kidogo sakafuni kama mtu anayepiga pasi, na kila kilipolia alichora mstari wa chaki, ili mashine isije ikakata nondo iliyolala chini. Alichora mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akageuka akachora ya kukatiza. Polepole sakafu yote ya katikati ikajaa miraba.

"Huyu aliyefunga chuma alikuwa na mkono," Khisa alisema, akirudi nyuma kuangalia. "Ona vile imenyooka. Kama mahindi yamepandwa na trekta."

"Ni bwana yake," Makokha alisema, akimwonyesha Cheruto kwa kidevu.

Hakuna aliyekuwa amemwita Makokha. Alikuja tu, akiwa amevaa nguo za nyumbani, akakuta mfereji umekauka, akaanza kupandisha maji kwa mitungi bila kuulizwa. Khisa alivua kofia. Cheruto aliitazama ile miraba. Alitaka kuinama aiguse, lakini chaki ingefutika, kwa hiyo akabaki amesimama na mikono yake mbele.

"Mashine haiwezi kukata ikiwa kavu," Khisa alisema kwa upole. "Nani ataweka maji?"

Cheruto alichukua mpira uliounganishwa na pipa. Mashine ikaunguruma, na meno yake yakashika katikati ya mraba mmoja. Alielekeza maji pale yalipohitajika. Tope la kijivu lilichuruzika na kuzunguka miguu yake. Makokha alimimina mtungi mwingine ndani ya pipa, akashuka kuleta mwingine. Jemutai alichuchumaa karibu, amesahau kuziba masikio. Iliendelea hivyo hadi sauti ikabadilika, ikawa nyepesi, na Khisa akazima.

Alikitoa kile kipande kwa mikono miwili. Kilikuwa cha mviringo, kirefu kama mkono wa mtoto, kimelowa, na ungeweza kuona kokoto zake zimelala ndani kama njegere kwenye wali. Jemutai alikipokea akakigeuza kwenye mwanga. Cheruto alimtazama usoni, Makokha akamtazama usoni, lakini uso ule haukusema kitu.

"Maabara ndiyo itasema," Jemutai alisema. Akakifunga kwa kitambaa chenye maji, kwa uangalifu, akashuka nacho.

"Mathe!" sauti iliita kutoka chini. "Mathe, ni nini hii?"

Mitchelle alikuwa amepenya getini kuchukua vitu vyake vya mwisho. Cheruto alipiga magoti kando ya tundu, akainama. Chini alimwona msichana amesimama katikati ya chumba kitupu, uso juu, matone yamemwangukia kwenye paji la uso. Kisha Mitchelle akatoweka, akarudi na beseni la kijani, akaliweka sakafuni akalisogeza kwa mguu hadi matone yakaanza kulia ndani yake.

"Hii maji inaisha saa ngapi?"

Cheruto alikuwa ameshafunga mpira. Lakini maji yaliyokuwa juu ya slabu yalikuwa bado yanatembea, yakifuata mteremko mdogo ambao jicho halikuuona, yanakuja katikati kutoka kila pembe ya chumba.

"Sijui," alisema. "Acha tu beseni hapo."

Mitchelle alichuchumaa kando ya beseni kungoja. Mwanga wa dirisha la juu ulipita tunduni ukashuka hadi chini, ukaingia kwenye maji machafu, duara moja dogo jeupe, likitikisika kila tone lilipofika, likitulia, likitikisika tena.